Maneno ya Wapita Njia

Asubuhi ya Jumanne ya mwisho ya mwaka wa Kiajemi, Mahrokh alikuwa juu ya paa la nyumba yao, amekunja suruali mpaka magotini, anasugua zulia. Mji mzima wa Malayer ulikuwa unasugua, kama desturi ya kuukaribisha mwaka mpya. Maji ya sabuni yalikuwa yanateremka kutoka kila paa, yanaingia kwenye mfereji wa kila kichochoro, na paka walikuwa wamehamia juu ya magari. Mama yake, Esmat, alitakiwa awe anasugua upande wa pili wa zulia. Lakini yeye alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja umeshika brashi, mwingine umeingia ndani ya gauni, chini ya kwapa la kushoto, unapapasa.

"Mama, usiishike."

"Siishiki. Naangalia kama bado ipo."

"Na ipo?"

"Ipo."

Ilikuwepo tangu msimu wa kuvuna zabibu. Mwanzoni ilikuwa kama punje ya dengu, na Esmat alisema ni kwa sababu ya kubeba makreti. Makreti yaliisha, yenyewe ikaendelea. Daktari wa Hamadan, kijana mmoja wa viatu vyeupe, alisema titi litoke lote, na litoke Alhamisi hii, maana baada ya hapo anakwenda likizo ya mwaka mpya na hawezi kuahidi atakachokikuta akirudi. Esmat alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru, akamuuliza kama mama yake mzazi hajambo, akatoka. Walipofika kwenye gari akamwambia mumewe kwamba haendi.

Sababu alikuwa nazo za kila siku. Jumapili ilikuwa mazulia. Jumatatu ilikuwa nani atapika wali na samaki wa mwaka mpya, maana Mahrokh akipika wali unakuwa uji na samaki anakuwa mkaa. Sababu yenyewe aliisema mara moja tu, gizani, umeme ulipokatika: dada yake aliingia hospitali kwa miguu yake, akatoka mabegani mwa wanaume. Umeme uliporudi akaanza kuongea habari za pazia.

Leo alikuwa na jambo jipya.

"Leo jioni nasikiliza fali," alisema, akaichovya brashi kwenye ndoo ya Mahrokh. "Jua likizama nasimama nyuma ya geti, natia nia, nakanyaga ufunguo. Mpita njia wa kwanza, atakachosema ndicho nitakachofanya. Akisema neno la kwenda, nakwenda. Akisema la kukaa, nakaa, na asinisumbue mtu tena na hilo jambo."

"Na akipita anaongea habari za vitunguu?"

"Basi Mungu atakuwa amenijibu kwa vitunguu."

Mtu alicheka upande wa pili wa ukuta. Paa lao na la jirani yalitenganishwa na ukuta wa kufika magotini, na jirani yao Farangis alikuwa pale anaanika mito. Farangis alikuwa anatoa nywele za uso kwa uzi, nyumbani kwake, na kila mwanamke wa kichochoro kile alishawahi kulia mbele yake. Wengine walilia kwa sababu ya uzi, wengine uzi ukawa kisingizio tu.

"Esmat, ukisikia nzuri unikatie na mimi kipande," alisema.

"Na wewe unataka fali ya nini?"

"Ghodrat kapiga simu tena."

Esmat akaacha kusugua, ingawa alikuwa hata hajaanza vizuri. Ghodrat alikuwa mume wa Farangis. Alihamia Bandar Abbas, kule bandarini kusini, siku chache baada ya kumvunja mkewe mkono. Mkono ulipona ukaunga vibaya, na mpaka leo Farangis anaushika uzi kwa namna yake, kiwiko kimetoka nje.

"Anasema amebadilika," Farangis alisema.

"Mwambie hata huku tumebadilika. Tumepata akili."

"Sijasema naenda. Nimesema kapiga."

"Usimjibu."

"Simjibu, dada. Namsikiliza tu." Akaupiga mto makofi mawili, akaugeuza. "Ana nyumba sasa. Anasema dirishani inaonekana bahari."

"Bahari itamshika mkono akianza?"

Farangis akacheka tena, lakini safari hii alicheka akiwa ameinamia mito.

*

Mahrokh alikuwa msichana ambaye dukani akipewa kitu kibovu anasema ahsante, akifika nyumbani anakizika chini ya takataka. Darasani alikaa nyuma ya msichana mrefu kwa makusudi. Kwa hiyo alipogonga mlango wa kina Parastu mchana huo, Parastu mwenyewe alishtuka. Parastu ndiye aliyekuwa anatangaza kwenye kipaza sauti cha shule, sauti yake inafika mpaka kwa fundi wa baiskeli ng'ambo ya barabara. Katika mwaka mzima Mahrokh alikuwa amemwambia maneno matatu: samahani, umekalia begi.

"Karibu. Kuna nini? Mtihani umevuja?"

"Hapana. Nina shida."

"Sema."

Mahrokh akaviangalia viatu vyake. Akasema yote kwa viatu: kwamba leo jioni wewe na binamu yako mpite kichochoroni kwetu, mkiongea, kama mnapita tu. Geti letu ni la kijani, karibu na mzabibu uliopanda ukutani. Mama atakuwa nyuma yake anasikiliza fali. Mkifika pale mseme maneno fulani.

Parastu alikuwa anatafuna mbegu za maboga. "Maneno gani?"

"'Nenda. Usiogope. Wenzako wamekwenda na wamerudi salama.'"

"Mama yako hataki kwenda wapi?"

"Mahali."

"Mahali gani, Mahrokh?"

"Hospitali."

Parastu akaacha kutafuna. Akaifuta midomoni ile chumvi ya mbegu kwa kiganja. "Basi tuseme hospitali. 'Nenda hospitali.' Ili aelewe."

"Hapana. Atajua imepangwa. Mama si mjinga. Yawe maneno tu ya watu wanaopita."

"Hata 'daktari' tusiseme?"

"Hata daktari. Usiongeze kitu."

Parastu akamtazama kama mtu aliyemwona mezani kwao kuku anasoma gazeti. Akayarudia maneno yale, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa ile ya kipaza sauti. Bibi yake akauliza kutoka jikoni nani anakwenda wapi.

*

Jua lilipoanza kuzama, watu walikuwa wameshapanga mafungu ya miiba mikavu katikati ya kichochoro, tayari kuwasha na kuruka, kama desturi ya usiku huo. Fataki zilikuwa zinapasuka kule barabara kubwa. Mahrokh alipanda paani, akajifanya anakunja mazulia, macho yakiwa chini. Alimwona mama yake anatoka ndani na baibui lake la maua, anaufungua mlango wa geti kidogo, anainama, anaweka ufunguo chini, anaukanyaga kwa mguu wa kulia. Akafumba macho. Midomo ikasogea.

Mtu wa kwanza kutokea kichochoroni alikuwa mwanamume mwenye kofia mpaka kwenye nyusi na skafu mpaka puani. Alikuwa ameshika simu sikioni. Mabegani alikuwa na unga wa mbao.

Nosrat, baba yake Mahrokh, alikuwa fundi wa kuchonga. Viti vya maharusi wa mji ule vilikuwa na mawaridi yake migongoni. Tangu watoke kwa daktari alikuwa hajasema neno juu ya jambo lile, na Mahrokh alidhani ni kwa sababu hana la kusema. Sasa alikuwa nalo, na alilisema kwa sauti nzito aliyoitoa tumboni:

"Ndiyo, bwana! Ndiyo! Hospitali ya Hamadan! Nzuri ajabu! Watu wanatoka pale wamenenepa!"

Akanyamaza kumsikiliza mtu asiyekuwepo. Akaongeza, "Na chakula chao kizuri!"

Paani, Mahrokh akaufunika uso kwa kona ya zulia.

"Baba Mahrokh," Esmat alisema nyuma ya geti, bila kufumbua macho, "ukirudi njoo na mkate."

"Sawa," mpita njia akajibu kwa sauti yake ya siku zote, akaendelea na safari yake kuelekea kwa muuza mkate, simu bado iko sikioni.

Ilikuwa imeharibika. Neno la fali lazima litoke kwa mtu ambaye hajui kama unasikiliza; likipangwa si fali, ni salamu tu. Esmat akaokota ufunguo wake, akaupangusa kwenye baibui, akatoka nje kabisa. Hakukaa kungoja mwingine pale. Alikata kulia, akapotelea kwenye kichochoro cha nyuma, ambako hakuna mtu wa nyumba yake wa kumpitia.

Mahrokh alizishuka ngazi mbili mbili. Alikuwa bado uani, akitafuta kiatu cha pili, aliposikia sauti ya Parastu inaingia kichochoroni. Iliingia kabla ya Parastu mwenyewe.

"NENDA," ilisema. "Usiogope! Wenzako wamekwenda, na wamerudi salama!"

"Kweli kabisa," binamu akaitikia, "wamerudi salama!"

Mahrokh akatoka na kiatu kimoja. Wale wasichana wawili walikuwa wamesimama karibu na mzabibu, Parastu anahema, mashavu yamewaka kwa furaha ya kazi.

"Tumesema vizuri?" akanong'ona.

Geti nyuma ya Mahrokh lilikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Angeweza kusema hivyo. Lakini walikuwa wamekuja kwa miguu mji mzima kwa ajili yake, na binamu alikuwa amevaa viatu vya visigino.

"Vizuri sana," alisema. "Ahsanteni."

Geti la Farangis, lililopakana na lao, likajifunga kwa ndani. Taratibu, kama linavyofungwa na mtu anayeogopa kumwaga kitu alichobeba.

*

Esmat alirudi wakati Nosrat anaweka mkate mezani. Alivua baibui, akalikunja, akakaa.

"Alhamisi tunaondoka saa ngapi?"

Nosrat alimwangalia Mahrokh. Mahrokh aliuangalia mkate.

"Alfajiri," alisema Nosrat. "Umesikia nini, mama Mahrokh?"

"Nilisimama kichochoro cha nyuma. Akapita mtu wa shamba, anagombana na mtu kwenye simu. Mkasi wa kupogolea umetokeza mfukoni. Anasema, 'Kata! Nimekwambia kata, usiuonee huruma. Ukiuacha huo mmoja utamaliza safu nzima.'" Esmat akamega mkate. "Sikuona hata uso wake."

"Alikuwa anasema mzabibu?" Nosrat akauliza.

"Alikuwa anasema mimi. Hakujua tu."

"Kasema kwa ukali," Mahrokh alisema.

"Mungu angetaka kuniambia kwa upole angemtuma mtu mpole." Akatafuna, akameza. "Na wewe, baba Mahrokh. Watu wanatoka wamenenepa?"

Nosrat akainuka kwenda kuangalia birika, ingawa birika lilikuwa mbele yake.

*

Moto ulipowashwa kichochoro kizima kilitoka. Wazee waliruka mafungu madogo, vijana makubwa, na mwanamke mmoja mnene akabebwa na wanawe wawili akapitishwa juu huku anatukana. Esmat aliruka moja tu, mkono wa kushoto umeubana ubavu. Farangis aliruka yote. Alikuwa amefunga skafu nyekundu ambayo Mahrokh hajawahi kuiona, na kila akitua upande wa pili alikuwa anacheka peke yake. Mwisho akaja akamkumbatia Esmat.

"Umesikia nzuri?"

"Nimesikia. Naenda Alhamisi."

"Alhamdulillahi. Na mimi nimesikia."

Mahrokh alikuwa na lozi mdomoni. Ikabaki hapo.

"Umesikia nini, dada Farangis?"

"Fali haisemwi mpaka itimie, mtoto wewe." Farangis akamfinya shavu. "Ila ilikuja wazi kabisa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekanyaga ufunguo. Mpaka nywele zikasimama."

Mahrokh alijua hapo hapo. Alikuwa na maneno kamili kichwani: dada, yale ni yangu, niliyafundisha mimi mwenyewe mchana. Lakini mama yake alikuwa amesimama pale pale, mkono kwenye bega la Farangis, na mama yake alikuwa amekubali kwenda. Akisikia kwamba jioni ile wapita njia walikuwa wamefundishwa la kusema, atauliza nani mwingine alifundishwa. Ataanza kumtazama hata yule mtu wa mkasi. Na sababu moja tu ingemtosha Esmat asipande gari Alhamisi.

Akaenda kumtafuta baba yake, aliyekuwa anachochea moto kwa mguu wa kiti kibovu. Akamnong'oneza yote. Nosrat akasikiliza, akatazama kule walikosimama wanawake wawili.

"Wewe ulipeleka watu?"

"Nilipeleka."

"Na mimi nilikwenda," alisema, kama ndiyo kwanza anakiri. Akausukuma ule mguu wa kiti ndani ya moto. "Sikiliza. Usimwambie mtu lolote mpaka Alhamisi ipite."

"Na dada Farangis?"

"Bandar si hapo. Mtu hafungi mizigo kwa siku moja. Ana wateja mpaka siku ya mwaka mpya, nyusi za nusu ya mji ziko kwake. Mama yako akitoka salama utakwenda utamwambia, na mimi nitakuja na wewe nisimame."

Yalikuwa maneno ya akili. Mahrokh aliyashukuru.

Jumatano Esmat alipanga nguo za hospitali, akazipangua, akazipanga. Aliwaonyesha samaki alipo, mchele ulipo, na akamwonyesha Mahrokh kwa kidole kwamba maji ya wali yanaishia hapa, si hapa. Farangis alikuja mchana kumtoa nywele za uso, aingie hospitali akiwa mtu. Hakuchukua malipo. Mahrokh aliwaletea chai mara tatu, na mara tatu zote mama yake alikuwa hapo hapo, kichwa nyuma, macho yanatoka machozi ya uzi.

"Mbona unazunguka hivyo?" Esmat akamwuliza. "Kaa kama unataka kukaa."

"Sitaki kitu," Mahrokh alisema, akarudi jikoni.

*

Hospitali ya Hamadan ilikuwa na viti vichache kuliko watu. Karani alikuwa nyuma ya kioo, na mbele ya umati wote akapaza sauti:

"Nani wa titi?"

Mzee mmoja akaiinamia fimbo yake. Esmat akauvuta ushungi mpaka puani. Nosrat, ambaye neno lile alikuwa hajawahi kulitamka hata chumbani kwake, alisimama, akavua kofia.

"Sisi," alisema.

Walimchukua Esmat kwa kitanda cha magurudumu. Mlangoni alikishika kizingiti, wauguzi wakasimama.

"Mahrokh. Maji ya wali?"

"Kiungo kimoja cha kidole."

"Cha kidole gani?"

"Cha shahada, mama."

Akakiachia kizingiti.

Walikaa. Nosrat alikuwa anachonga hewani kwa kucha ya kidole gumba, waridi juu ya goti, bila kujua. Mchana daktari wa viatu vyeupe akatoka, akasema limetoka lote, na pembeni pamekuwa safi kuliko alivyotegemea, na kwamba wangengoja mpaka baada ya likizo angekuwa anasema maneno mengine. Nosrat alitaka kumshika mkono, akamshika kiwiko, akabaki amekishikilia. Mahrokh aliegemea ukuta, akateleza mpaka chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu msimu wa zabibu. Mwanamke asiyemjua akampa chungwa.

Alipotulia ndipo akatoa simu amwambie Farangis. Alikuwa amepanga amwambie habari njema kwanza, halafu akirudi nyumbani, uso kwa uso, baba yake yuko pembeni, amwambie ile nyingine.

Farangis alikuwa ameandika kabla yake, tangu asubuhi.

"Mahrokh mpenzi, mama akiamka mbusu. Nisingeweza kumuaga usoni, angenizuia. Nimepanda basi la jana jioni, wateja nimewaachia dada wa saluni. Nakaribia Bandar, joto limeanza, nimevua koti. Ghodrat atanipokea stendi. Usinihofie. Wenzangu wamekwenda na wamerudi salama."

Mahrokh akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita, ikakata. Mara ya tatu haikuita.

Akaandika, vidole vinaruka herufi, akafuta, akaandika upya:

"Dada Farangis, yale maneno hayakuwa fali. Niliyapanga mimi kwa ajili ya mama. Waliyasema Parastu wa darasani kwetu na binamu yake. Mama hakuwepo getini ndiyo ukayasikia wewe. Hayakuwa yako. Kama bado uko kwenye basi usishuke na yeye. Kama umeshuka kaa hapo stendi penye watu. Baba anakuja kukuchukua, amesema anakuja. Mama mzima. Nijibu."

Nosrat alikuwa hajasema anakuja. Mahrokh alimpa simu asome, naye akasoma akiwa amesimama, midomo inafuata maneno. Alipomaliza akavaa kofia, akauliza funguo za gari ziko wapi. Zilikuwa mkononi mwake.

"Tuma," alisema, akaelekea kwenye gari.

Akatuma. Baada ya muda alama ikaonyesha ujumbe umefika.

Esmat aliamka saa ya alasiri, akaomba chai, akakatazwa, akauliza ni nani aliyewaruhusu watoto wadogo kuwa madaktari. Halafu akamuuliza Farangis, kama kapiga. Mahrokh akasema atapiga. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono mmoja unampangusa mama yake paji la uso, simu iko pajani imeangalia juu.

Jua lilipokaribia kuzama alama ikabadilika. Umesomwa. Simu haisemi umesomwa na nani. Mahrokh akangoja aone kama kuna mtu anaandika.